Gumba linafuata vidole vingine kama mkia: nifanyeje kudonoa gitaa kavu?

Kimya_Kimya (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nina mwaka na ushee nikipiga gitaa kavu la nyuzi za chuma. Kucharaza najimudu: kordi za kawaida nabadilisha bila kuangalia vidole, na watu wakianza kuimba nawasindikiza hadi mwisho bila kuaibika. Shida imeanza siku nilipoweka piki (kile kibao kidogo cha kucharazia) pembeni nikataka kudonoa kwa vidole.

Mpigo wenyewe naujua. Gumba linatembea kwenye besi (nyuzi nene, wa 6 ndio mnene kuliko zote, wa 1 mwembamba), uzi wa 5, wa 4, wa 5, wa 4, halafu kidole cha shahada na cha kati vinadondosha melodi juu yake. Nikiupiga kama nilivyoukariri unatoka vizuri tu. Lakini nikitaka kuhamisha noti moja ya melodi, niiwahishe kidogo au niicheleweshe, gumba linaacha kazi yake na kukimbilia kule kule shahada ilikokwenda. Mbwa na mkia wake.

Wiki tatu sasa napiga saa nzima kila jioni. Sioni mabadiliko, ila nimepata maumivu ya mkono wa kulia kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko.

Maswali yangu: nitumie vidole viwili au vinne? Nifuge kucha? Na kidole kidogo kikae kwenye ubao wa gitaa au kielee? Natanguliza shukrani.

Piki_Imezama

Uzi wa kuomba msaada wa nyuzi! Nakaa pembeni nijifunze. Mimi bado niko hatua ya kugeuza gitaa kichwa chini na kulitikisa ili piki itoke kwenye tundu.

KasiTu

Mkuu dawa ni metronomu, kile kifaa kinacholia mapigo sawasawa. Anza mapigo 60 kwa dakika, kila siku ongeza 5. Baada ya mwezi uko 200. Mengine ni maneno.

Mzee wa Besi

KasiTu, kwa heshima zote, chombo kinakwenda mrama na wewe unamwambia apandishe tanga la pili.

Mleta uzi, ugonjwa wako umeutaja mwenyewe: "nikiupiga kama nilivyoukariri". Umeukariri mpigo kama sentensi moja, gumba, kati, gumba, shahada, na kila kidole kinasubiri kingine kimalize ndipo kijue zamu yake. Ukisogeza silabi moja, sentensi nzima inavunjika. Sasa besi inayotembea na melodi juu yake ni watu wawili, mpiga ngoma na mwimbaji, wamepanga chumba kimoja ndani ya mkono wako wa kulia. Mpiga ngoma anayejua kazi haangalii mdomo wa mwimbaji.

Kwa hiyo wiki hii mwimbaji anyamaze kabisa. Shika kordi ya C. Gumba peke yake: uzi wa 5, wa 4, wa 5, wa 4, noti moja kwa kila mlio wa metronomu, mapigo 60, hata 50. Vidole vingine viguse nyuzi za 3, 2 na 1 vitulie hapo hapo. Hamia Am, nyuzi ni zile zile. Kwenye G na E gumba linatoka wa 6 kwenda wa 4. Kwenye D tumia wa 4 na wa 3.

Utasema mbona hii ni rahisi mno. Haya, sasa ongea. Msimulie mtu ulivyoshinda leo huku gumba linatembea. Hesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa kuruka tatu tatu. Gumba likisita pale unapoitafuta namba, ujue bado linaazima akili yako. Siku utakayoweza kubishana na mtu na gumba lisisite, mwite mwimbaji.

Naye aingie na neno moja tu. Noti moja kwenye uzi wa 2, kwa kidole cha kati, pamoja na gumba kwenye mpigo wa kwanza, kama mtu anayeokota sindano. Dakika mbili hivyo. Kisha noti ile ile ihamie mpigo wa pili, kisha wa tatu, kisha wa nne. Baadaye iingie katikati ya mapigo, pale unapotamka "na": moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Ukihesabu ni nafasi nane. Zimiliki moja moja, halafu mbili mbili. Melodi isiyogawa mpigo zaidi ya mara mbili haina nafasi ya tisa ya kukaa, hivyo haitapata mahali pa kulishtukizia gumba.

Wengi wanairuka hatua hii kwa sababu haina utamu. Mimi niliiruka miaka minne, na miaka minne yote nilikuwa napiga nyimbo zile zile tano.

Gumba_na_Watatu

Naunga mkono hoja ya gumba, ila mleta uzi kauliza vidole vingapi na hajajibiwa. Vinne. Kila kidole kipewe nyumba yake: gumba nyuzi za 6, 5 na 4, shahada wa 3, kati wa 2, pete wa 1. Kwenye noti za gitaa la klasiki utakuta herufi p, i, m, a juu ya kila noti, ni vifupisho vya majina ya vidole hivyo kwa Kihispania. Mkono unatulia sehemu moja na hauwindi nyuzi.

Tafuta mazoezi 120 ya mkono wa kulia ya Mauro Giuliani, mpiga gitaa wa klasiki wa Italia, yalichapishwa mwaka 1812. Mkono wa kushoto humo unazunguka kwenye kordi mbili, C na G7, zoezi baada ya zoezi. Ni makusudi. Mkono wa kushoto ukipewa kazi ngumu, masikio yote yanahamia huko na wa kulia unafanya fujo bila kuonekana.

ViwiliVyatosha

Vinne ni sawa kwa anayetaka klasiki. Kwa besi inayotembea, ushahidi uko upande mwingine. Merle Travis, ambaye Marekani mtindo huu umepewa jina lake, alidonoa kwa gumba na shahada, basi. Mwenda Jean Bosco wa Kongo, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 akiimba kwa Kiswahili, naye gumba na shahada, na ukimsikiliza utaapa wapigaji wako wawili.

Sasa mtazame Elizabeth Cotten, mpiga gitaa mwingine wa Marekani. Alikuwa wa mkono wa kushoto, akaligeuza gitaa la watu wa kulia bila kubadili nyuzi. Maana yake besi aliipiga kwa vidole na melodi kwa gumba! Kinyume na yote tunayoambizana hapa, na besi yake haiyumbi hata kidogo.

Gumba_na_Watatu

Mkuu, hao ni vipaji. Usimpe mwanafunzi vipaji.

ViwiliVyatosha

Na Giuliani wako alikuwa nani, fundi cherehani?

Mzee wa Besi

Msigombane, kila mmoja ana nusu ya jibu. Kwa anachotaka mleta uzi, gumba, shahada na kati vinamtosha mwaka mzima. Kidole cha pete kiingie pale wimbo utakapokihitaji, kwa mfano unataka kupiga nyuzi tatu za juu (zile nyembamba, wa 3, wa 2 na wa 1) kwa pamoja. Kukiingiza leo ni kuongeza mpangaji kwenye chumba ambacho wawili wa kwanza bado wanasukumana.

Mnyoosha_Viungo

Wote mmepita juu ya mstari wa maumivu kama haupo.

Mimi ni mtu wa tiba ya viungo, gitaa napiga kwa kujifurahisha. Mleta uzi, saa nzima mfululizo juu ya mkono unaouma, acha leo hii. Misuli mikubwa inayokunja vidole haiko kwenye vidole. Iko hapo chini ya kiwiko, ndiyo maana unaumia huko. Inavuta vidole kwa kano ndefu, na kano 9 kati ya hizo hupita kwenye kifundo ndani ya njia moja nyembamba pamoja na neva. Ukikipinda kifundo kama shingo ya korongo unaibana njia hiyo, halafu unaziamuru kano zikimbie ndani yake.

Fanya hivi. Simama, acha mkono uning'inie, utikise. Angalia vidole: vimejikunja kidogo vyenyewe bila kuombwa. Panda nao hivyo hivyo mpaka kwenye gitaa, kifundo kikiwa karibu kunyooka, na hiyo ndiyo sura ya mkono wa kudonoa. Kidole kikipiga kiende kuelekea kiganjani, kisiung'oe uzi kama anayechomoa msumari. Na kikishapiga kilegee. Nimeona watu wengi noti imeshatoka zamani, kidole bado kimekazwa hewani kinasubiri sijui nini. Mkazo huo ukijumlishwa kwa saa nzima ndio unaokuumiza.

Gawa mazoezi: dakika 10 asubuhi, 10 mchana, 10 jioni. Maumivu yakibaki hata usipopiga, au ukipata ganzi kwenye gumba, shahada na kati, muone daktari, usituulize sisi.

Kuhusu kidole cha pete na kidogo, jaribu hili sasa hivi. Weka kiganja mezani, kidole cha kati ukikunje chini ya kiganja, vingine vinyooke. Inua shahada: kinainuka. Inua kidogo: kinainuka. Haya inua pete. Umeona? Kano zinazonyoosha vidole hivyo zimeunganishwa nyuma ya kiganja, hivyo kidole cha pete si kivivu, kimefungwa kwa majirani zake. Na jibu la swali lako la kidole kidogo limo humo humo. Ukipiga kwa gumba, shahada na kati, kidole kidogo kinaweza kugusa ubao kwa wepesi, hakina hasara. Siku ukimwita pete kazini, kidogo kiachie kielee, kwa sababu kikigandamiza ubao kinamfunga jirani yake.

Piki_Imezama

Nimeweka kiganja mezani. Kidole cha pete kimegoma kabisa. Nimeogopa.

Kimya_Kimya

Wakuu nimerudi, leo siku ya 11.

Siku tatu za mwanzo nilijiona mjinga, mtu mzima napiga nyuzi mbili tu. Nikajaribu ile hesabu: 100, 97, 94, 91, 88, 85, 82... hapo nikakwama, na gumba likakwama nami, sekunde ile ile. Ndipo nilipoelewa mnachosema. Mkono umepungua kuuma tangu nigawe mazoezi na kunyoosha kifundo.

Jana mjomba kanipigia simu katikati ya zoezi. Nikaweka spika, nikaongea naye dakika kama mbili gumba likiendelea. Akaniuliza, "Hiyo redio gani umefungulia?"

Sasa nimeanza noti moja moja, na nimejirekodi kwa simu. Hapo nimevunjika moyo. Nikiwa napiga nasikia melodi vizuri, ila kwenye rekodi besi imefunika kila kitu, melodi ni kama mtu anaimba nyuma ya mlango.

Mzee wa Besi

Hiyo habari njema, maana mwezi uliopita usingeisikia. Unapopiga, masikio yako yanasikia unachokusudia. Simu inasikia kilichotoka.

Gumba lina nguvu kuliko kidole chochote, na limepewa nyuzi nene. Lazima lifundishwe adabu. Njia ya haraka ni kuzima: laza ubavu wa kiganja, upande wa kidole kidogo, juu ya briji (kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa), ukiingia kwenye nyuzi za besi kwa milimita chache. Besi iseme "tu, tu, tu" badala ya "tuuun". Ukiingia sana inakufa, ukirudi sana inalia tena, kwa hiyo kitafute kile kipande chembamba katikati, hutakikosa. Travis alizima hivyo na ndiyo sababu besi yake inasikika kama ngoma. Angalia tu usizime nyuzi tatu za juu.

Njia ya polepole, ambayo ndiyo naipenda, ni hii. Rudi kwenye ile noti ya pamoja, gumba na kati kwa wakati mmoja. Piga mara 20, gumba linong'one na kati ipaze sauti. Geuza: gumba lipaze, kati inong'one. Mwanzoni vitapanda na kushuka pamoja kama mizani iliyoharibika. Usiongeze kasi, subiri vitengane. Wengine huchukua siku nne, wengine mwezi.

Kisha jinsi ya kuupiga uzi wa melodi. Kidole kifike mapema, kiguse uzi, kiusukume kidogo kuelekea ubaoni, ndipo kiuachie. Uzi uliosukumwa ndani ukaachiwa hutoa sauti nene, yenye mwili. Uzi uliokwaruzwa kwa juu hutoa kelele nyembamba hata ukiupiga kwa nguvu. Watu wanaongeza nguvu mahali palipohitaji kuongeza matayarisho.

ViwiliVyatosha

Naongezea mahali pa mkono. Ukisogea kuelekea briji sauti inakuwa kali, ukisogea kuelekea shingo inalainika. Melodi ikizama, kabla ya kulaumu kidole sogeza mkono sentimita mbili kwenda kwenye briji usikie tena.

Kimya_Kimya

Na kucha? Bado sijajibiwa.

Gumba_na_Watatu

Kwa gitaa la klasiki, fuga. Kwa nyuzi za chuma fuga ukijua kwamba chuma kinakula kucha, na siku moja itavunjika saa ambayo hukutaka. Ukitazama mkono upande wa kiganja, kucha ichungulie milimita 1 hadi 2 juu ya nyama, umbo lake lifuate ncha ya kidole. Ikwangue kwa msasa laini kabisa, kisha ipitishe kwenye kitambaa: ikinasa nyuzi za kitambaa itanasa na za gitaa, na utasikia mkwaruzo katika kila noti. Piga kwa nyama na kucha kwa pamoja, nyama inagusa kwanza, kucha inamalizia. Mkono wa kushoto kata zote.

Mzee wa Besi

Mimi sina kucha hata moja, nimezoea nyama tupu na sugu. Sauti yangu ni ya chini na ya mviringo, na naipenda. Usifuge kwa sababu umeambiwa ndivyo inavyotakiwa. Ukiona gumba ni jororo mno, ipo piki ya gumba inayovaliwa kama pete, Travis na Chet Atkins, Mmarekani mwenzake, waliitumia. Wiki ya kwanza utaichukia.

KasiTu

Wakuu narudi kukiri. Nilijaribu kuongea huku gumba linatembea ili nimkosoe Mzee. Nimeshindwa kusema jina langu. Na mimi nipo mapigo 160 wiki zote hizi.

Swali: upana wa shingo una mchango? Nyuzi za langu zimebanana, kidole kikienda wa 2 kinagusa wa 3.

ViwiliVyatosha

Una mchango. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana shingo ya milimita 43 hivi pale juu zinapoanzia nyuzi. Yanayotengenezwa kwa kudonoa hufika 44 au 45, na la klasiki ni 52. Milimita mbili unazisikia. Lakini kwa mtu wa mapigo 160 asiyeweza kutaja jina lake, shingo si mtuhumiwa wa kwanza.

Kimya_Kimya

Wiki ya saba. Ndani ya kordi moja sasa niko huru, melodi naiweka ninapotaka. Kinachoniua ni kuhama kordi. Nikitoka C kwenda G gumba halipotei, ila linanisubiri. Kuna pengo dogo pale, kama mtu aliyejikwaa kizingitini.

Mzee wa Besi

Pengo hilo umelileta kutoka kwenye kucharaza. Ukicharaza nyuzi zote zinalia kwa pamoja, kwa hiyo kordi yote lazima iwe imefika. Ukidonoa, uzi unaohitaji kidole ni ule tu unaokaribia kupigwa.

Chukua hiyo C kwenda G. Gumba kwenye G linapiga wa 6 kisha wa 4. Wa 4 uko wazi, yaani haushikwi na kidole, wa 3 na wa 2 pia ziko wazi. Basi kwenye mpigo wa kwanza unadaiwa kidole kimoja: wa 6, freti ya 3 (nafasi ya tatu kwenye shingo). Kidole chako cha pete cha mkono wa kushoto tayari kiko freti ya 3 kwenye uzi wa 5, kihamishie wa 6 tu. Cha kati nacho kinahama kutoka wa 4 kwenda wa 5, freti ya 2 ile ile, na hata kikichelewa nani atajua? Wa 5 hupigi. Kidole kidogo kwenye uzi wa 1 kije melodi ikikihitaji, isipokihitaji kisije.

Na nusu ya mwisho kabla ya kuhama, ile "na" ya nne, piga uzi ulio wazi au usipige kitu. Mkono wa kushoto unapata muda wa kusafiri na msikilizaji hajui.

Zoezi: gumba peke yake, mipigo minne C, minne G, ukihamisha kidole kimoja tu. Kisha rudisha vingine kimoja kimoja.

Piki_Imezama

Yaani muda wote huu nimekuwa nikishika nyuzi ambazo sipigi?

Mzee wa Besi

Sote tumeshika.

Kimya_Kimya

Siku nne za zoezi hilo. Pengo limebaki kwenye F tu, na F namsamehe kwa sasa. Mjomba alipiga simu tena jana, nikamwekea spika nikaendelea, C, G, Am, melodi juu. Akaniomba nipunguze redio, hanisikii.

Mzee wa Besi

Kilichomsumbua ni besi au melodi?

Kimya_Kimya

Besi.

Mzee wa Besi

Rudi kwenye zile 20 za kunong'ona.